Roboti inazima ikianza kupanda ubao: tununue mota kubwa au tuandike programu upya?

"Shikamoo. Sisi ni wanafunzi wanane wa sekondari hapa Mombasa na tunaunda roboti yetu ya kwanza ya mashindano. Sheria zinasema isizidi sentimita 30 kila upande, ifuate mstari mweusi, na ndani ya dakika mbili ichukue mikebe mitatu ya gramu 200, mmoja mmoja, iipandishe kwenye jukwaa lililo umbali wa kama mita 2 kupitia ubao wenye mwinuko wa digrii 15. Tuna Arduino Uno (kompyuta ndogo inayobeba programu), bodi ya L298N ya kuendesha mota, mota nne za njano, mkono wa sentimita 22 unaoinuliwa na sevo (mota inayogeuka hadi pembe inayoamriwa) ya MG996R, na betri mbili za mraba za volti 9 tulizounganisha sambamba. Uzito wake ni kilo 1.8. Mezani inafanya kila kitu. Tukiiweka sakafuni inasitasita, mkono unatetemeka, na ikianza kupanda ubao inazima, inawaka, inazima tena. Tena tangu tufunge mkono, magurudumu ya kushoto hayapunguzi kasi hata tukiyaamuru. Mwalimu wetu wa fizikia anasema mota ni dhaifu, tununue kubwa. Mwenzetu wa programu ameiandika upya mara tatu. Tumebakiza wiki sita na pesa si nyingi. Tuanzie wapi?"

Marahaba, wanangu. Mmefanya vyema kutaja uzito wa roboti na digrii za ubao, maana bila namba hizo mbili jibu lolote lingekuwa la kubahatisha.

Mmeleta dalili tatu mkidhani ni ugonjwa mmoja. Kuzima na kuwaka ni njaa ya umeme. Kushindwa na ubao ni uzito na gia. Magurudumu ya kushoto ni suala la pini mbili, na mtalimaliza kabla chai haijapoa. Mota kubwa peke yake haitibu hata moja kati ya hayo, na hilo la kwanza italizidisha, kwa sababu mota kubwa hula mkondo mkubwa zaidi kutoka betri ileile iliyokwisha kushindwa.

Anzeni na hii "mezani inafanya kila kitu", kwani ndiyo inayowapoteza. Roboti ikiwa mezani imeinuliwa, magurudumu yanazunguka hewani bila mzigo, na mota ya njano isiyo na mzigo hula kama ampea 0.2 tu. Tena mezani mna waya wa USB, kwa hiyo Arduino inalishwa na kompyuta wala haijui shida za betri. Sakafuni mambo hayo mawili yanageuka kwa pamoja. Mota inayoanza kutoka kusimama, au inayosukuma bila kuzunguka, hula kati ya ampea 1 na 1.5. Zidisheni kwa nne. Ongezeni MG996R, ambayo ikikwama inaweza kuvuta hadi ampea 2.5.

Sasa tazameni betri. Betri ya mraba ya volti 9 ilibuniwa kwa redio ndogo na king'ora cha moshi, vitu vinavyolamba umeme kidogo kidogo. Ndani yake mna ukinzani wa kama omu moja na nusu hadi mbili hata ikiwa mpya. Mbili mlizounganisha sambamba zinaushusha hadi karibu omu moja. Mkivuta ampea 3, volti 3 zinapotelea ndani ya betri zenyewe na zinabaki 6. L298N ni bodi ya zamani inayojikatia ushuru wake: kwenye ampea moja inakula karibu volti 2, na zaidi mkondo ukipanda. Kinachofika kwenye mota ni chini ya volti 4, na hapo betri ni mpya. Baada ya mazoezi ya dakika kumi hali ni mbaya kuliko hivyo.

Hamkusema Arduino na sevo zinalishwa wapi. Dalili zenu zinanena kwamba mmezitoa kwenye tundu la 5V la L298N. Tundu hilo linatoka kwenye kidhibiti kidogo cha volti kinachomudu nusu ampea, na kinahitaji kama volti 7 kuingia ili zitoke 5. Betri ikishuka hadi 6, nacho kinalegea, na sevo ikivuta inamalizia kazi. Kichakata cha Uno kimewekewa ulinzi: umeme wake ukishuka chini ya volti 2.7 hivi, kinajizima na kuanza upya. Kikizima, mota zinasimama. Mota zikisimama, betri inapumua na volti zinapanda. Arduino inawaka, inaamuru mota, betri inazama tena. Ndiyo ngoma mnayoiona kwenye ubao, na hakuna mstari wa programu unaoweza kuizuia.

Msiniamini kwa maneno matupu, pimeni. Fungeni baza ndogo na muiweke ilie mara moja, fupi, mwanzoni kabisa mwa `setup()`, sehemu ya programu inayoendeshwa mara moja Arduino ikiwaka. Kila Arduino ikianza upya mtasikia mlio. Ikilia katikati ya ubao, mwenzenu wa programu aende akapumzike. Kisha chukueni multimita, iwekeni volti 20 za DC, mmoja ashike ncha mbili kwenye betri, mwingine aizuie roboti kwa mkono magurudumu yakiwa sakafuni na yameamriwa kwenda mbele. Sekunde mbili tu, msizidishe, mota zinapata moto. Someni namba. Jaribio la tatu: ondoeni waya wa 5V unaotoka L298N kwenda Arduino, acheni ule wa GND (upande wa hasi unaoshirikiwa), muilishe Arduino kwa pawabenki kupitia USB. Mkono utaendelea kutetemeka, lakini baza haitalia tena. Hapo mtakuwa na ushahidi wa kumwonyesha mwalimu.

Tuje kwenye ubao, ambako mwalimu wenu ana nusu ya haki. Roboti ya kilo 1.8 kwenye digrii 15 inavutwa kurudi nyuma na nguvu ya 1.8 × 9.8 × 0.26, yaani karibu nyutoni 4.6. Pamoja na msuguano wa magurudumu iwe 5. Gurudumu la njano lina kipenyo cha milimita 65, kwa hiyo nusu kipenyo ni sentimita 3.25. Zidisheni, gawanyeni kwa mota nne, na kila mota inatakiwa kutoa nguvu ya kuzungusha ya kama kilo-sentimita 0.4. Mota hizi zikipata volti 6 hukwama kwenye takriban 0.8. Nguvu hiyo hupungua sawasawa na volti: zikipata 3, zinakwama kwenye 0.4. Yaani betri inapozama, mota zenu zinafika pale pale ambapo ubao unahitaji, wala hazibakiwi na akiba yoyote. Kwa hiyo mota ni dhaifu kweli, ila ni dhaifu kwa sababu zina njaa na zimebebeshwa.

Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni mizani. Gramu hazinunuliwi, zinaondolewa. Nendeni hata duka la mchele mpime kipande kimoja kimoja: fremu, mota na magurudumu, betri, bodi, mkono. Lengo liwe kilo 1.2. Plywood ya milimita 4 yenye matundu inatosha kwa fremu, na vipande vya alumini mtavipata kwa mafundi wa madirisha, ambao mara nyingi huvitupa. Kwa kilo 1.2 kila mota inahitaji chini ya 0.3 badala ya 0.4.

Dawa ya pili ni gia. Mota za njano mlizo nazo yaelekea ni za uwiano wa 1:48, yaani mota huzunguka mara 48 gurudumu likizunguka mara moja, kwa kuwa ndizo zinazouzwa kila mahali. Kuna za umbo lilelile za 1:120, zinaingia kwenye matundu yaleyale ya fremu na magurudumu yaleyale. Zinasukuma zaidi ya mara mbili, na kwa mzigo uleule zinakula mkondo mdogo. Mnachopoteza ni kasi, na hapa ndipo timu nyingi huogopa bila kupiga hesabu. Safari yenu ni mita 2 kwenda na 2 kurudi, mara tatu, jumla mita 12. Kwa 1:120 tegemeeni karibu sentimita 20 kwa sekunde mkiwa na mzigo, yaani sekunde 60. Mnabakiwa na sekunde 60 za kuchukua na kuweka mikebe mitatu, sekunde 20 kwa kila mmoja. Inatosha. Mkiwa na 1:48 mngeokoa labda sekunde 25 kisha mzipoteze mnapotoka nje ya mstari kwenye kona.

Jambo moja la umbo ambalo hesabu ya mota haionyeshi: kitovu cha uzito. Kikiwa sentimita 10 juu ya sakafu, kwenye digrii 15 kinasogea nyuma karibu sentimita 2.7. Roboti fupi yenye mkono ulioinuliwa inaweza kubinuka kinyumenyume. Betri ziwe chini kabisa, na mbele.

Umeme wenyewe sasa. Ondoeni betri za mraba. Chaguo la kwanza ni selu mbili za lithiamu za 18650 mfululizo, volti 7.4, na 8.4 zikijaa. Chaguo la pili ni betri sita za AA za kuchaji aina ya NiMH, volti 7.2. NiMH ni nzito zaidi lakini zinasamehe makosa, na kama shuleni hamna mtu mzima atakayesimamia uchaji, chukueni hizo bila kuona haya. Mkinunua 18650 jihadharini na zile zilizoandikwa mAh 9900, yaani kiasi cha umeme zinachodai kuhifadhi. Selu ya kweli ya ukubwa huo kwa kawaida haifiki hata 4,000, na ina uzito wa kama gramu 45 hadi 48. Ikiwa nyepesi kama kibiriti, imejazwa maneno. Tafuteni iliyoandikwa inamudu ampea 10, na chaja inayochaji kila selu peke yake.

Kutoka betri pitisheni umeme kwenye fyuzi ya gari ya ampea 7.5, kisha swichi, kisha ugawanyike mara tatu: L298N moja kwa moja, kishusha-volti cha LM2596 kwa ajili ya Arduino peke yake, na LM2596 ya pili kwa ajili ya sevo peke yake. Viwekeni vyote viwili volti 5 kwa bisibisi na multimita kabla hamjaunganisha kitu chochote upande wa kutokea. Kale kaskrubu ka shaba kwenye LM2596 huzunguka hata mara kumi bila namba kubadilika, kisha ghafla zinaanza kushuka, kwa hiyo msidhani kameharibika mkakalazimisha. Umeme wa Arduino ingizeni kwenye pini ya 5V, na mtoe waya huo kila mnapochomeka USB. Karibu na sevo wekeni kapasita ya maikrofaradi 1,000, volti 16, mkiangalia upande wa hasi. Waya zote za GND zikutane mahali pamoja. Tatizo la "sevo inajicheza yenyewe" mara nyingi ni GND iliyosahaulika.

Wengi watawaambia mtupe L298N mnunue bodi za kisasa. Kwa roboti hii mimi nawashauri mbaki nayo. Betri ya volti 7.4 ikitolewa zile 2 za ushuru inabaki 5.4, na mota zenu ni za volti 3 hadi 6. Hasara yake inawalinda. Mojawapo ya hizo za kisasa, TB6612FNG, ni nzuri kuliko hiyo kwa kila kipimo, isipokuwa inamudu ampea 1.2 za kudumu kwa kila upande, na nyinyi mna mota mbili kila upande, kwa hiyo mngehitaji bodi mbili na wiki ya kufunga waya upya.

Mkono ndio utakaowauma, maana najua mmeupenda. Sentimita 22 ukiwa umebeba gramu 200 nchani, na mkono wenyewe tuseme gramu 150, unaidai sevo kama kilo-sentimita 6. MG996R kwa volti 4.8 hukwama kwenye 9.4 hivi, kwa karatasi. Sevo haifai kufanyishwa kazi zaidi ya theluthi ya hapo, au nusu kwa dharura, la sivyo inatetemeka, inapata moto na gia zake zinalika. Ufupisheni hadi sentimita 12 na gramu 80: dai linashuka chini ya 3. Lakini someni sheria tena mjiulize kama mkebe unahitaji kuinuliwa juu, au unahitaji tu kutogusa ubao. Kama ni hilo la pili, uma wa vidole viwili unaoingia chini ya mkebe na kuuinua sentimita 3, mfano wa upawa unaochota mchuzi, unashinda mkono wowote wenye kiganja. Kuna kiungo kimoja tu cha kuharibika, na roboti haihitaji kulenga kwa usahihi wa milimita.

Magurudumu ya kushoto: maktaba ya `Servo` (programu tayari ya kuendesha sevo) kwenye Uno huchukua saa ya ndani ileile inayotawala kasi kwenye pini 9 na 10. Mkishaifunga sevo, amri ya kasi ya `analogWrite` kwenye pini hizo mbili haitawali tena. Mwenzenu aliandika upya mara tatu programu isiyo na kosa. Hamisheni waya za ENA na ENB, zinazopeleka amri ya kasi kwenye L298N, ziwe pini 5 na 6, sevo ibaki hata kwenye 9. Akiwa hapo, aongeze mambo mawili: mota zisianze kwa nguvu zote bali zipande kutoka 0 hadi kasi inayotakiwa ndani ya milisekunde 300, na mkono usisogee roboti ikiwa inatembea. Hayo mawili peke yake yanapunguza kilele cha mkondo sana, ingawa hayaponyi betri mbovu.

Vitambuzi vya mstari hamkuviuliza, ila kwa pwani yetu nitavitaja. Kama ni vile vidogo vya miale ya infraredi, jua nalo limejaa miale hiyohiyo. Ukumbi wenye madirisha mapana, saa tisa alasiri, jua linaingia kishazari na kitambuzi kinaona kila kitu ni cheupe. Vishoneeni kimarinda cha karatasi ngumu nyeusi kinachokaribia kugusa sakafu, muwe na kitufe cha kuvipima upya palepale ukumbini. Viwekeni milimita 4 au 5 juu ya sakafu, na viwe katikati ya magurudumu ya mbele, visitangulie. Kitambuzi kilichotangulia sentimita 6 mbele ya ekseli kitakuta ubao umeshainuka karibu sentimita 1.5 kabla gurudumu halijaanza kupanda, na kitagonga.

Tena hewa yetu ya chumvi haina urafiki na bredibodi, ule ubao wa kuchomekea waya bila kulehemu. Waya za kuchomeka zilizofanya kazi mwezi uliopita zinaota kutu nyembamba, na mtikisiko wa matatu mmoja kutoka Likoni au Mtwapa unamalizia. Kilichokwisha kuthibitishwa kilehemuni au kifungeni kwenye vibano vya skrubu, na roboti ilale kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko.

Kuna mambo ya kutofanya peke yenu. Msilehemu moja kwa moja kwenye selu ya lithiamu, joto linaiharibu ndani. Tumieni kishikio chake, au mpelekeeni fundi mwenye mashine ya kuchomea vibati. Selu iliyovimba, iliyochubuka ganda, au inayopata moto ikiwa imelala tu, itoeni nje ya jengo na mtafute mtu mzima anayezijua. Msijaribu kuichaji "tuone". Chajini mchana, mtu akiwa chumbani, juu ya sakafu ya saruji. Zisibaki ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na mkipima umeme wote kama nilivyoeleza kisha baza bado inalia, pelekeni roboti yenyewe, si picha yake, kwa mtu mwenye multimita na subira. Mwalimu wenu anaweza kuandika barua kwa idara ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, au mpite Swahilipot Hub karibu na Fort Jesus muulize nani hushughulika na vifaa vya umeme. Hata fundi mzuri wa simu ataona lehemu baridi, ile isiyoshika vizuri, kwa jicho kabla nyinyi hamjamaliza kueleza.

Kuhusu wiki sita: hii ya kwanza ni ya vipimo na kuhamisha pini, haina gharama. Betri na vishusha-volti viwe vimefungwa mwisho wa wiki ya pili, mota na fremu nyepesi wiki ya tatu, uma wiki ya nne. Pesa zikiwa za kitu kimoja tu, zianzie betri. Baada ya wiki ya nne hakuna anayeshika bisibisi isipokuwa kitu kimevunjika. Wiki mbili za mwisho ni za kukimbiza: dakika mbili kwa saa, mmoja anaandika daftarini volti za kuanzia, mikebe iliyofika, na mahali iliposhindwa. Betri ya 18650 ikisoma volti 6.4 kwa jozi, simamisheni mchaji. Na kila baada ya mbio tano futeni magurudumu kwa kitambaa chenye unyevu, maana mpira wenye vumbi huteleza kwenye ubao hata mota zikiwa na nguvu zote.